Mtaro Uliokwepa Bafu

Mwanamume anayekaa kwa mama mkwe wake hujifunza kukohoa. Hukohoa kabla ya kufungua mlango, hukohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, hukohoa akitaka kwenda chooni, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kupita upande mwingine. Aaron alikuwa amekohoa katika kiwanja kile cha Mudzipela, mtaa wa Bunia, kwa muda mrefu hata majirani wakadhani ana kifua. Hakuwa na kifua. Alikuwa na heshima, na heshima nayo ina maradhi yake.

Hakuja pale kwa kupenda. Kwao ni upande wa Djugu. Kijiji chao kilipoungua, yeye na mkewe Nadège walikimbia na kile mikono ilichoweza kubeba: godoro, sufuria, mtoto wao wa kwanza mgongoni mwa mama yake, na kikapu chenye kuku jike mmoja mwekundu, miguu imefungwa kamba. Njiani watu waliwacheka. Nani anakimbia vita na kuku? Lakini yule hakuwa kuku wa mchuzi, alikuwa kuku wa mjukuu. Katika ukoo wa Nadège, mkwe hatazamani uso kwa uso na mama wa mkewe, hasemi naye, hali naye, wala hakanyagi mahali mama anapooga, mpaka mtoto wa kwanza asimame na kutembea. Siku hiyo mkwe analeta kuku, mama anampika, wanamla wote wawili katika sahani moja, na mwiko unaishia hapo.

Mtoto hakutembea. Kambini walilala chini ya hema, juu ya ardhi iliyolowa, na baridi ikamwingia kifuani kabla hajaota jino la pili. Walipotoka kambini na kwenda kwa Mama Anastasie, mama yake Nadège, walifika watu wawili na kuku. Nani angethubutu kumkabidhi kuku yule? Aaron alimfungua kamba akamwacha uani. Basi kuku akabaki. Hakuliwa, hakuuzwa. Akawa anadonoadonoa katikati ya watu wawili wasioruhusiwa kuzungumza, mpaka siku moja Mama Anastasie alipompata wa kusema naye.

"Weye kuku," alisema kwa sauti kubwa akiwa jikoni, "kama kuko mutu anasikia njaa, fufu iko ku meza."

Aaron, nyuma ya nyumba, alifikiri kidogo, kisha akajibu. "Kuku, ambia mama asante."

Nadège alicheka siku ile hadi akashika mbavu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu kambini. Toka hapo habari zote za nyumba zikapitia kwa kuku: chumvi imekwisha, padri ameuliza habari zenu, mbuzi wa jirani ameingia kwenye mihogo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya kuku ilikuwa imefunguliwa zamani. Ya Aaron ilikuwa bado.

Halafu yakaja maji.

Kiwanja cha Mama Anastasie kiko chini ya mteremko. Jirani wa juu, Mathieu, alimwaga saruji uani kwake kote ili gari lake lisikanyage tope, na mvua ambayo zamani ilikuwa inanywewa na ardhi yake ikaanza kushuka yote kwa mama mjane. Kulia ni ukuta wa watu, kushoto ni ukuta wa watu. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, ubavuni mwa nyumba kuelekea caniveau, ule mfereji wa barabarani, na hapo katikati udongo umeinuka. Kwa hiyo maji yalisimama nyuma. Yakapanda ndani ya matofali, yakaingia chumba cha Mama, yakaingia na kile kijumba cha uani walimokaa Aaron na Nadège, mpaka nguo sandukuni zikaota ukungu.

Na Aaron, angalia kisa hiki, ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo. Kazi yake ni dreni. Unachimba mtaro unaoteremka kidogo kidogo, unatandika gunia, unalaza bomba lenye matundu, unalifunika kwa mawe na kokoto, unakunja gunia juu, unarudisha udongo. Mtu akipita haoni kitu, lakini chini maji yanaokota njia na kwenda zao. Alikuwa amekausha viwanja vingi vya Bunia. Kiangazi kilipofika alipiga vigingi, akavuta kamba kutoka nyuma ya kijumba hadi caniveau, moja kwa moja, ili akate mahali palipoinuka.

Kamba ikapita katikati ya bafu la Mama Anastasie.

Bafu lenyewe lilikuwa nguzo nne, mabati kuukuu, na sakafu ya mawe bapa. Lingehamishwa kwa asubuhi moja. Lakini Aaron aliitazama kamba, akalitazama bafu, akang'oa kigingi. Akauzungusha mtaro kwa upande wa juu, ukakwepa bafu kwa adabu zote, kisha ukarudi kwenye njia yake. Pale kwenye kona alikuta mwamba, hakuweza kushuka zaidi, na bomba likabaki limeinua shingo. Fundi yeyote angemwambia, na yeye mwenyewe angemwambia fundi yeyote: maji hayapandi kilima kwa ajili ya heshima.

Utasema, si angeomba bafu lihamishwe? Amwombe nani? Kutaja bafu la mama mkwe ni sawa na kuchungulia ndani yake. Hata kwa kuku neno hilo halikusemeka. Hata kwa Nadège, chumbani, taa ikiwa imezimwa, alifungua kinywa akakifunga tena, kwa sababu Mama ni mama yake. Angeita fundi mwingine? Huyo angeuliza kwa nini mtaro umepinda, na kesho yake Mudzipela nzima ingejua kwamba Aaron anafikiria mama mkwe wake akioga. Basi akafukia kosa lake kwa udongo mzuri, akalipiga kwa koleo mpaka likalala sawasawa, akaomba mvua iwe ndogo.

Mvua haikuwa ndogo. Maji yalifika kwenye kona, yakasimama, yakaacha tope ndani ya bomba, yakarudi nyumbani. Mathieu alichungulia juu ya ukuta wake na kuona ziwa.

"Fundi!" aliita akicheka. "Mganga hajigangi, sivyo?"

Alisema kwa utani, lakini utani huo ulishuka mtaani pamoja na maji. Wateja wakaanza kuuliza: kama ameshindwa kwa mama wa bibi yake, kwetu atafanya nini? Kazi zikakatika. Bila kazi hakuna nyumba ya kupanga, na bila nyumba ya kupanga ni kubaki palepale, kukohoa palepale, kukanyaga maji yaleyale. Kurudi kijijini hakukuwezekana, habari za huko zilikuwa bado mbaya. Kuna siku Aaron alisimama uani akageuka pande zote nne na hakuona upande ambao ungempokea.

Nadège alikuwa na mimba tena. Kwa kuwa mtoto wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, wauguzi walimwambia akasubirie Nyankunde, karibu na hospitali. Siku ya kuondoka alipanda pikipiki na furushi lake, akamtazama mumewe.

"Aaron, sitaingiza mutoto mu maji tena," alisema. "Ile ya kambi inatosha. Chumba ikikauka, nitarudia. Kama haikauke, sijue nitaenda wapi, lakini hapa hapana."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Basi wakabaki Aaron, Mama Anastasie na kuku. Nadège alipopiga simu, Aaron alizungumza naye kwanza, kisha akaweka simu kwenye kigoda kilichokuwa barazani, akakohoa, akaondoka. Mama akatoka, akaongea, akairudisha kigodani. Kila mara swali la Nadège lilikuwa lile lile: chumba kimekauka? Na Aaron, ambaye hakuwa mwongo, alijibu kila mara kwamba kinakauka.

Alijaribu, Mungu anajua. Alifukua ile kona, akaosha mawe moja moja, akazibua bomba kwa mti, akafunga gunia jipya, akapiga mwamba kwa nyundo mpaka viganja vikachubuka. Mvua ikija, maji yalifika pale pale na kusimama. Alikuwa anatibu kona, na kona haikuwa mgonjwa. Mgonjwa ni yeye aliyeipinda.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikapumzika alasiri. Mama Anastasie alibeba ndoo yake ya maji moto akaelekea bafuni. Aaron, kama kawaida, aliingia kijumbani, akafunga mlango, akageukia ukuta. Akasikia kishindo, kama gunia la mihogo limeangushwa. Kisha sauti.

"Kuku!"

Aaron hakusogea. Mama humwita kuku mara nyingi.

"Kuku! Weye kuku! Chini ilifunguka! Muguu yangu iko mu shimo, haitoke!"

Kuku alikuwa chini ya meza ya Aaron, amejikunyata kwa baridi. Wakatazamana. Nje mvua ikaanza upya, nzito kuliko ya asubuhi.

"Kuku, maji inapanda!"

Hapo Aaron alielewa yote kwa pamoja. Maji yaliyosimama kwenye kona muda wote huo hayakukaa bure. Yalikuwa yanakula udongo chini ya sakafu ya bafu. Sasa sakafu imezama, Mama ameanguka kitako shimoni, mguu wake umeingia ndani ya mtaro, na mawe yaliyoubana ni mawe ambayo yeye aliyapanga kwa mikono yake. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema lolote kuhusu mchimbaji anayemtumbukiza mama mkwe wake.

Alikimbilia ukuta wa Mathieu, akamwita mke wa jirani huyo. "Mama Rébecca! Mama Rébecca!" Akagonga ukuta kwa jembe. Lakini mvua juu ya mabati haimwachi mtu asikie hata mawazo yake. Hakuna aliyetokea. Akarudi, akasimama nje ya bafu, uso ameuelekeza barabarani.

"Kuku! Ambia mama minakuya!"

"Kuku, umuambie hapana!" Mama alipiga kelele. "Asiingie! Aite banamuke!"

"Kuku, banamuke habasikie! Niliita!"

Mvua ikazidi.

"Kuku," ilisema sauti ya Mama, ndogo sasa, "maji imefika ku kiuno."

Lisilo budi hutendwa. Aaron aliingia bafuni kinyumenyume, kama mtu anayeingia nyumba ya nyoka, macho kwenye mlango, mikono nyuma. Akapiga magoti ndani ya tope, mgongo kwa Mama. Akapapasa. Akalipata jiwe, akalivuta, akalitupa nje. Akapata lingine. Aliyajua mawe yake kwa vidole, hili ni la chini, hili la ubavuni. Kidole chake kikagusa kisigino cha Mama, wote wawili wakashtuka, na kila mmoja akajifanya hakushtuka.

"Kuku, ambia mama avute muguu."

"Kuku, umuambie haiwezekane."

Kuku mwenyewe alikuwa kijumbani, anajipukuta manyoya. Kumbuka hilo: watu wawili bega kwa mgongo, maji yanapanda, na bado wanatuma ujumbe kwa ndege ambaye hayupo.

Jiwe la mwisho lilikuwa kubwa na lilikaa upande wa mbali. Kwa mgongo lisingetoka. Aaron alilijaribu, akateleza, akalijaribu tena. Maji yakafika kifuani mwa Mama. Mama akaacha kumwita kuku, akaanza kumwita Bikira Maria.

Aaron akageuka.

Aliona mwanamke mzee anayetetemeka, kitenge amekifunga hadi kwapani, macho ameyafumba kwa nguvu zote kama mtoto anayejificha. Ulikuwa uso wa Nadège, umezeeka tu. Miaka yote ile chini ya bati lake na hakuwa anajua kwamba wanafanana. Akashika jiwe kwa mikono miwili, akaling'oa. Akamkamata Mama chini ya makwapa, Mama akamkumbatia shingo, macho bado yamefumbwa, na tope likauachia mguu. Akambeba mpaka barazani, akamweka kwenye kigoda cha simu, akakimbia na kujifungia chumbani kwake.

Jioni ile hakuna aliyemwita kuku. Sauti ya Mama Rébecca ilisikika ikiingia nyumba kubwa, ikanung'unika kwa huruma, ikatoka. Fufu haikutangazwa. Aaron alikaa kitandani, maji chini ya miguu yake, akafikiria kudandia lori la kwenda Komanda na kupotelea huko. Alimwona Nadège akifika na mtoto mgongoni na kukuta chumba kile kile, mama yake kilema, na mume hayupo. Akabaki amekaa. Kwa aibu hata kukohoa akashindwa.

Asubuhi alisikia mabati yanalia.

Alichungulia kupitia ufa wa mlango. Mama Anastasie, mguu umefungwa kitambaa, alikuwa anabomoa bafu lake. Aling'oa bati, akaliburuta, akachechemea, akarudi kwa lingine. Alipomaliza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtafuta kuku kwa macho, akamwona.

"Kuku, sikia vizuri," alisema, na sauti yake ilifika mlangoni pa Aaron bila shida. "Ile siku mutu alikuwa anachimba, miye nilikuwa ku dirisha. Niliona kamba yake. Ilipita katikati ya douche yangu. Kisha akaitoa, akaipindisha. Nilijua maji haitapita, miye pia niko na macho. Lakini nilifurahi, kuku. Nikasema, mutoto yangu aliolewa na mutu wa heshima. Nikanyamaza. Neno moja tu ingetosha, lakini nikalala mu chumba ya maji juu ya ile furaha." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Ambia fundi njia iko wazi."

Aaron alitoka na jembe. Safari hii hakukohoa, alisahau. Akavuta kamba moja kwa moja, akachimba bila kupumzika, akavunja kile kilima cha udongo kilichokuwa kimebaki chini ya mawe ya bafu. Akapima mteremko kwa mpira mwembamba uliojaa maji, unaoonyesha usawa. Akatandika gunia, akalaza bomba, akapanga mawe. Alasiri mvua ilipokuja alisimama barabarani, juu ya caniveau, akakitazama kinywa cha bomba. Kwanza hakikutoa kitu. Kisha kikatema tope, kikakohoa, kikamwaga maji mekundu, halafu maji masafi, na hayakukatika. Aaron alichuchumaa pale mvuani akalia wazi, watu wakipita na miavuli yao.

Siku chache baadaye, ukuta wa kijumba ulipoanza kukauka na kubadilika rangi kutoka juu kwenda chini, alimkamata kuku. Kuku hakupambana, alishamzoea. Aaron akampeleka barazani, akapiga magoti, akamtoa kwa mikono miwili, macho chini.

Mtoto hakuwa amezaliwa, sembuse kutembea. Haikuwa desturi. Mama Anastasie alimtazama kuku kwa muda, na pengine hakumwona kuku, alimwona yule mjukuu ambaye kuku huyu alipaswa kumtangulia. Kisha akanyoosha mikono, akampokea.

Kuku mzee haivi haraka. Kuni ziliongezwa, zikaongezwa tena. Walikula katika sahani moja, barazani, wanavutana na nyama ngumu, na hawakuwa na la kusema. Aliyekuwa anawasemea alikuwa sahanini.

Simu ikalia. Mkono wa Aaron ulikwenda kwenye kigoda kwa mazoea, ukasimama njiani. Akabonyeza, akampa Mama mkononi.

"Mama?" Sauti ya Nadège ilikuwa dhaifu, ila ilikuwa inatabasamu. "Mutoto alizaliwa. Mwanamuke. Niko bien, muzima, na yeye iko bien. Ambia kuku imuambie baba yake."

Mama Anastasie aliitazama mifupa.

"Kuku tulikula," alisema.

Nadège alimjua kuku yule, alijua alibebwa kutoka wapi na kwa nini.

"Mulikula? Nani na nani?"

"Siye wawili."

Kwenye simu ikasikika pumzi inayokatika, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko. Mtoto naye akaanza kulia nyuma yake.

"Na chumba, mama? Nitarudia? Chumba ilikauka?"

"Muulize yeye mwenyewe."

Mama alimnyooshea simu. Hakuiweka kigodani. Alimtazama mkwe wake usoni, mchana kweupe, mkono wenye mafuta ya kuku ukiwa hewani kati yao.

"Aaron," alisema, "kamata. Ni bibi yako."

Katika kiwanja kile, mdomo ule haukuwahi kulitamka jina lake. Aaron akakohoa, kwa mazoea tu, akapokea.